Mzee Anayesikiliza Trekta

*Bukareshti, 2 Juni 1952*

Dada yangu Salomia,

Pokea salamu tele, wewe na Mama. Joiana naye mkune katikati ya pembe kwa niaba yangu, maana najua yule ng'ombe ndiye mwenye nyumba, nyie wengine mmepanga tu. Mimi ni mzima, ila nguo zinanipwaya. Bibi mwenye nyumba bado ananisema kwa harufu ya rangi. Jana kaniambia, "Bwana Ilarie, siku hizi hata supu yangu ina ladha ya picha." Nikamwambia ashukuru, kuna watu wanalipa kiingilio kwa ajili ya picha. Hakucheka.

Sasa kaa chini. Kama unasonga ugali, uepue kwanza. Picha yangu imekubaliwa kwenye maonyesho makubwa ya Oktoba, na kabla ya maonyesho gazeti limeichapa ukurasa mzima. Ukurasa nimeutia humu.

Inaitwa *Trekta la Kwanza*. Trekta lenyewe halionekani. Wanaoonekana ni wanakijiji wamesimama kando ya barabara wakilingoja. Yule mwanamke mwenye ndoo, mikono ni ya Mama, utaitambua. Na katikati kuna mzee mwenye ndevu nyeupe, kainamisha kichwa upande, sikio la kulia kalielekeza barabarani. Mwenyekiti wa kamati ya maonyesho alisimama mbele yake, akasema, "Huyu mzee anausikia wakati ujao." Mimi sikujua kama ndicho anachosikia, lakini niliitikia upesi.

Wamesema nikiendelea hivi watanipa chumba cha kazi chenye dirisha la kaskazini. Dada, tangu nimalize chuo nimekuwa nikichora masharubu ya wakubwa kwa ajili ya maandamano, masharubu marefu kuliko mkia wa Joiana, hata nikaanza kuamini nitakufa sijachora mtu hata mmoja aliye hai. Sasa nimemchora. Namkumbuka babu Partenie kila ninaposhika brashi, jinsi alivyotuweka mimi na wewe kwenye benchi lake tukichora watakatifu nyuma ya kioo, macho kwanza, rangi baadaye. "Ukikosea jicho," alisema, "umemkosea mtakatifu mzima." Safari hii sikulikosea.

Ndugu yako mwenye furaha,
Ilarie

*Vidreni, 19 Juni 1952*

Mdogo wangu Ilarie,

Salamu zimefika na Joiana amekunwa. Huku tumeanza kukata majani ya ng'ombe, mvua ikituchezea, leo tunaanika, kesho tunakimbia kuanua. Macho ya Mama hayajazidi kuharibika tangu Pasaka. Jirani Nistor ameanguka tena kijitoni akitoka kunywa, na mkewe Domnica amemwacha humo mpaka pombe imtoke. Plamu zinaonyesha kuzaa vizuri, Mungu akipenda.

Ukurasa wako umefika. Mama aliusogeza mpaka puani, akaiona mikono yake, akalia kidogo. Kisha akauliza, "Na huyu wa katikati ni nani?" Nikamwambia ni mzee tu. Nikautia motoni.

Usikasirike, Ilarie. Mimi dada yako sijawahi kuingilia kazi yako. Lakini badilisha uso wa yule mzee. Mpe ndevu nyeusi, mvishe kofia mpaka puani, mgeuze mgongo, fanya ujualo. Na kichwa kisimame wima. Usiniulize kwa nini, na usiniandikie ulikomtoa.

Babu hakuweka uso wa mtu kwenye kioo bila kwenda kwanza kumwomba, mkate na chumvi mkononi. Msagaji wa kinu alibembelezwa Kwaresima nzima ndipo akakubali kuwa Mtakatifu Eliya. Uso wa mtu ni mali yake. Wewe huyu mzee ulimwomba lini?

Mama anakubusu. Badilisha.

Salomia

*Bukareshti, 3 Julai 1952*

Dada,

Salamu kwa Mama. Nimeudhika, kwa hiyo salamu zenyewe ni fupi.

Nimvishe kofia mpaka puani! Unadhani uso ni foronya ya mto, ukichafuka unavaa nyingine? Kamati imempenda mzee huyu, gazeti limempenda, wanafunzi wa chuo wanakuja kumtazama. Na wewe uliyemtia motoni unataka nami nimtie motoni.

Unasema nisikuandikie nilikomtoa. Nitakuandikia ili ujue hakuna uchawi. Nilimtoa kwako. Siku ya pili ya Pasaka nyote mlikwenda kanisani, mimi nikabaki kwa sababu ya ile pombe ya plamu ya Nistor iliyokuwa ikinigonga kichwani. Nilizunguka nyuma ya ghala, nikainua macho, na pale juu darini penye majani makavu, kati ya mbao mbili, nikaona uso wa mzee. Ndevu nyeupe, meno ya mbele hana, kichwa kakiinamisha anasikiliza kengele za kanisa. Jua lilikuwa shavuni mwake. Akaniona, akatoweka. Nilidhani ni mchungaji mliyempa pa kulala, nikasahau hata kuuliza. Lakini nilipopanda treni mkono uliomba penseli. Nilimchora bila kusita hata mstari mmoja, kana kwamba nimekuwa nikimchora maisha yangu yote.

Kama bado yupo darini kwako, mwambie nimemfanya maarufu.

Angekuwapo shemeji Achim, Mungu amrehemu, angenitetea. Mumeo ndiye mtu pekee katika ukoo huu aliyejua kutulia akichorwa.

Ilarie

*Vidreni, 17 Agosti 1952. Kwa mkono wa mama Veta*

Ilarie,

Mama Veta anakuja mjini kuuza jibini, na barua hii ameishonea ndani ya upindo wa sketi. Isome mbele yake kisha uichome mbele yake, nimemwambia asitoke mpaka aone majivu. Sisi ni wazima. Salamu nyingine zote nitakupa siku nyingine.

Achim hajafa.

Unakumbuka mwaka watu wa serikali walipokuja kuchukua mashamba, Achim akakataa kutia sahihi. Baadaye wakasema amewapelekea mkate wale waliokimbilia milimani kuwapinga. Ni kweli aliwapelekea, mimi ndiye niliyeuoka. Alitoroka kabla hawajafika. Lile koti lililokutwa korongoni lilikuwa na damu ya kondoo wetu. Tulizika koti, Ilarie. Wewe ulikuja kutoka mjini ukalia juu ya koti, nami nikasimama pembeni nikakuacha ulie, maana kilio chako ndicho kilichowafanya waamini. Wale watu walikuwa uani wanakutazama. Nisamehe, lakini ningefanya vilevile tena. Sikukuambia kwa sababu wewe huna uso wa kuficha kitu. Tangu utoto ukiiba sukari, uso wako ulikuwa unakwenda kukushtaki kabla hujaimeza.

Siku ya arobaini nilichemsha ngano ya marehemu, Baba Gherasim akaibariki kanisani, kijiji kikala. Sahani moja ikabaki. Nikampelekea marehemu mwenyewe darini. Akaimaliza yote, kisha akasema, "Hata nikiwa maiti, mwanamke huyu ananibania asali." Tangu hapo amekaa kati ya kuta mbili za ghala. Nywele zimekuwa nyeupe, meno yameng'oka, na Pasaka ile alipanda kwenye mbao kusikiliza kengele kwa sababu alidhani nyumba ni tupu. Wewe hukumtambua. Lakini sikio lake la kushoto limekufa tangu vita, ndiyo maana hugeuza la kulia, na hakuna mtu Vidreni asiyekijua kile kichwa.

Sasa sikiliza ninachokiogopa. Barua yako ya Julai ilifika imebandikwa kwa gundi ya manjano. Gundi yako wewe ni nyeupe. Tangu siku hiyo mbwa akibweka nakimbilia dirishani. Tumemhamishia kwenye mnara wa kengele, Baba Gherasim ndiye mwenye ufunguo. Mle ndani upepo unaingia kila upande, na ameanza kukohoa.

Usimchore tena mpaka nikwambie mimi. Siku nitakayokuandikia kwamba umchore, ujue hakuna tena cha kumhofia.

Salomia

*Bukareshti, 18 Agosti 1952. Kwa mkono wa mama Veta*

Dada yangu,

Nimeichoma. Mama Veta ameyakoroga majivu kwa kidole chake mwenyewe, kisha akanilazimisha kula kipande cha jibini kwa sababu alisema nimekuwa mweupe kuliko hilo jibini.

Nimemchora Achim tangu siku za uchumba wenu. Nilimchora akinoa mundu, akilala, akicheka. Nimewezaje kumtazama usoni nisimjue? Mkono ulimjua, na mimi mwenye mkono nikabaki nimeduwaa, nikaenda kumtangaza gazetini. Na ile barua! Nimeiandika kwa mkono huuhuu: ghala, dari, mbao mbili. Wewe ulinikataza, dada, ulinikataza waziwazi, na sikio la kufa halisikii dawa.

Kuna jambo jingine ambalo sikukuandikia, nikidhani ni sifa. Mwishoni mwa Julai alikuja mtu kunitembelea. Joto lote lile yeye kavaa koti la ngozi. Alikaa mbele ya picha, akavuta sigara taratibu.

"Ndugu mchoraji, mzee huyu anaishi wapi?"

Nikacheka. "Anaishi kichwani mwangu, ndugu."

"Na kichwa chako kinaishi wapi? Vidreni?"

Nikasema mimi ni mzaliwa wa huko, ndiyo. Naye akakiinamisha kichwa chake upande wa kulia, hivyohivyo kama mzee, akanitazama kwa jicho la pembeni. "Namjua mtu mmoja aliyekuwa akisikiliza hivi," akasema. "Wanasema alikufa." Akazima sigara kwenye kisosi changu cha rangi nyeupe, akashukuru, akaondoka. Mimi nilifurahi, dada. Nilidhani nimegusa moyo wa mtu.

Nifanye nini? Nikiifuta picha sasa, watajua. Nikiiacha, ipo ukutani inasema kila siku. Niambie la kufanya nami nitalifanya, lolote lile. Chumba chenye dirisha la kaskazini sikitaki tena. Nataka nisikie tu kwamba hamjambo.

Ilarie

*Vidreni, 28 Septemba 1952. Kwa mkono wa mama Veta*

Mdogo wangu,

Hatujambo. Hilo ulitaka kulisikia kwanza, nami nimeliandika kwanza. Plamu tumezichuma. Mama anakula vizuri.

Walikuja. Magari mawili, na huyo wako wa koti la ngozi mbele. Hawakuuliza kitu. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya ghala, wakapanda darini, wakayadungadunga majani yote kwa vyuma virefu, wakabomoa ukuta wa ndani. Kwa hiyo ile barua waliisoma, Ilarie. Walikuta godoro la majani na kijiko. Nilikuwa nimesahau kijiko! Nilisimama uani nikajishikilia kwenye pembe ya Joiana.

Yule mkubwa akawaita watu wote kisimani, akaifungua ile picha ya gazeti juu ya jiwe. "Mnamjua huyu?"

Wote walimtazama. Na wote walimjua, niliona nyuso zao zikimjua mmoja baada ya mwingine. Mimi nikafumba macho, nikasema moyoni, basi, yamekwisha.

Ndipo Nistor akajipenyeza mbele, kofia mkononi. "Mimi huyo," akasema.

"Wewe?"

"Mimi, ndugu mkubwa. Ilikuwa Pasaka. Nililewa, mke wangu akanifungia nje, nikaenda kulala darini kwa Salomia. Si mara ya kwanza. Hata kijiko mle ndani ni changu."

Domnica hakungoja aulizwe. Alimrukia mumewe kwa kilemba chake, akawa anampiga mbele ya wote. "Mlevi mkubwa wewe! Umetuaibisha mpaka gazetini! Nchi nzima sasa inaona sura yako ya chupa!"

"Na ndevu?" akauliza yule mtu. "Huyu ana ndevu nyeupe, mrefu, mwembamba. Wewe ni pipa."

"Wachoraji wa mjini huwapamba watu," akasema Domnica akihema. "Na mimi amenichora? Hajanichora. Angenichora ningekuwa Bikira Maria."

"Na kichwa kimeinama kwa nini?"

Nistor akakuna shingo. "Ndugu mkubwa, ukishamaliza chupa ile, wewe kichwa chako ungekishika wima?"

Watu wakacheka. Nilicheka na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kwa hofu mpaka machozi. Yule mtu hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, na hakuna aliyeinamisha macho, hata bibi kizee mmoja. Nilikuwa nadhani ni mimi na Baba Gherasim tu tunaomficha Achim. Kumbe ni Vidreni nzima, sijui tangu lini. Hakuna aliyewahi kunigusia hata kwa utani.

Na katikati ya kicheko hicho, kikohozi. Kutoka juu, kanisani. Mara moja tu. Papo hapo kengele zikaanza kulia, zikalia kwa nguvu kama kuna moto. Baba Gherasim sasa hufanya hivyo kila kikohozi kikizidi, na watu wa vijiji vya jirani wanasema amepagawa na ibada.

Walimchukua Nistor. Amerudi juzi. Meno ya mbele wamemtoa. Alishuka kwenye gari akaniambia, "Salomia, sasa kweli nafanana na picha," akaenda kulala. Domnica tangu hapo hajamfungia mlango.

Kwa hiyo fanya hivi. Mchore Nistor pale katikati. Sema mwanzo ulimchora kwa kukumbuka, sasa umemrekebisha alivyo. Ameomba mwenyewe nikuandikie kwamba anakuruhusu, ila umpunguzie pua. Na mkate amekuja nao yeye kwangu, yaani kinyume cha desturi, lakini ruhusa ni ruhusa.

Dada yako

*Turnava, 30 Novemba 1952*

Dada yangu mpendwa Salomia,

Natumaini barua hii inakukuta salama pamoja na Mama na majirani wote wema. Hapa mimi ni mzima, ninakula, ninalala. Kama unavyoona, anwani imebadilika. Huku kuna kiwanda cha saruji, na kila kitu ni cheupe, barabara, miti, mbwa, hata mkate. Bibi yangu wa Bukareshti alilia nilipoondoka. Alisema supu sasa haitakuwa na ladha.

Picha niliirekebisha kabla ya maonyesho, kama mchoraji mwaminifu anavyopaswa. Nilikwangua uso wa mzee kwa kisu, taratibu, kuanzia kwenye ndevu. Macho niliyaacha mwisho. Sikuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kisha pale pale nikamweka mzee Nistor wetu, jinsi alivyo hasa, na pua nilimpunguzia. Kichwa kipo wima. Lakini unamjua Nistor, ukimchora alivyo lazima acheke.

Kamati walikuja kuitazama. Kisha mwenyekiti akauliza, "Ndugu, kwa nini mkulima huyu analicheka trekta?"

Nilisema halicheki, analifurahia. Akasema, "Yule wa kwanza alikuwa akisikiliza. Huyu hasikilizi kitu." Kamati imenikosoa, na nakiri wamenikosoa kwa faida yangu. Picha imeshushwa. Kadi yangu ya uchoraji wanaitunza wao kwa sasa. Yule mgeni wa koti la ngozi alikuwapo pia, akamtazama Nistor sana, akanitazama mimi, akaandika kitu. Hakuniaga.

Hapa kazi yangu ni kupaka namba kwenye mabehewa ya saruji. Namba hazina mtu ndani, kwa hiyo hakuna wa kuombwa ruhusa. Bado kila nikisikia hatua nyuma yangu nadondosha brashi. Msimamizi anadhani ni baridi, amenipa glavu.

Umfikishie mzee Nistor salamu zangu, na umuulize meno. Na huyo mwenye kikohozi pale kijijini, mpikieni kitunguu na asali. Asali iwe nyingi.

Ndugu yako,
Ilarie

*Vidreni, 22 Februari 1953*

Mdogo wangu Ilarie,

Barua yako imefika, gundi ya manjano, kama zote. Basi nawasalimu nao wanaoisoma, huenda huko waliko pia kuna baridi. Huku theluji imefika kwenye vizingiti. Mama ni mzima, anakaa karibu na jiko na kunipangia kazi. Joiana amezaa ndama jike, mweupe kwenye paji la uso. Nistor ametengenezewa meno ya chuma, akicheka juani tunafumba macho, na Domnica anasema sasa angalau ana kitu cha thamani.

Kitunguu na asali tulipika, tulipika sana. Baba Gherasim sasa anapumzika. Kengele zinalia kwa saa zake tu, asubuhi na jioni, na Jumapili. Watu wa vijiji vya jirani wanasema amepona.

Jambo jingine dogo. Lile kaburi la marehemu Achim, unakumbuka, lilikuwa limebonyea katikati tangu mwaka ule. Nilikuwa naona aibu kulipita. Juma lililopita ardhi ilikuwa ngumu kama chuma, lakini majirani walikuja na sururu, wote, hata bibi kizee alileta koleo, tukalifungua na kulitengeneza upya. Sasa limejaa vizuri. Halitabonyea tena. Msalaba ni uleule, hatukuhitaji kubadili jina.

Nilichemsha ngano. Asali nilimimina mtungi wote, mpaka Mama akanishika mkono. Nilingoja mtu alalamike. Hakuna aliyelalamika.

Na kuhusu yule mzee wa picha yako ya kwanza, uliyemchukua bila kumwomba. Nilikwenda kumwomba kwa niaba yako, kabla ya theluji kuzidi, na mkate na chumvi mkononi, kama babu alivyotufundisha. Ilibidi nimwambie sikioni, la kulia. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema umwache na ndevu zake, na kichwa ukiinamishe upande uleule, maana akikaa wima hasikii kitu.

Mchore, Ilarie.

Dada yako,
Salomia